Orodha ya Marejeo na Homa ya Papasi

Mwanafunzi wa utabibu anayeagizwa kuandaa orodha ya marejeo yenye maelezo aghalabu huiona kazi hiyo kama adhabu ndogo. Hunakili muhtasari wa kila makala, hubadili maneno mawili matatu, kisha huongeza kwamba chanzo hicho "ni muhimu sana". Orodha ya namna hiyo haimfai mtu. Muuguzi wa zahanati iliyo nje ya Tabora, ambaye mgonjwa wake amerudi na homa ileile wiki moja baada ya kupata nafuu, anahitaji kujua makala imeona nini, wapi, na kwa njia gani.

Homa ya papasi ni mfano unaofaa, kwa kuwa historia yake inafuatana na njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Papasi hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, huuma usiku, na aliyelala huenda asihisi kitu. Mwanafunzi akianza kukusanya vyanzo atamkuta Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857 na kuchapisha kitabu cha safari hiyo mwaka 1860. Hapo kishawishi huingia: Burton aliugua homa njiani, basi na iandikwe kuwa ni homa ya papasi. La hasha. Kitabu chake ni shahidi mzuri wa mapito na malazi ya wapagazi, lakini hakuna aliyepima damu yake kwa darubini. Maelezo ya haki husema yote mawili.

Kwa Robert Koch mambo ni mengine. Maelezo juu yake yangeweza kusomeka hivi: "Ripoti ya uchunguzi uliofanywa mwaka 1905 katika koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki. Koch alichunguza papasi wa kwenye njia za misafara, akaona bakteria wa homa ndani yao na katika mayai yao. Aliwakuta papasi hata katika vijiji vilivyo mbali na njia hizo. Inaeleza kwa nini nyumba huendelea kuambukiza. Haifundishi tiba ya leo."

Ni sentensi chache, nazo zatosha.

Vyanzo vya karibuni navyo vihojiwe. Utafiti wa Mvumi, Dodoma, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kuwa kupulizia nyumba dawa ya kuua wadudu kulipunguza homa hiyo kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Je, nyumba za Mvumi za miaka hiyo zafanana na za Sikonge leo?

Lililo zito zaidi ni kipimo. Bakteria huyo haonekani kwa kipimo cha haraka cha malaria. Darubini huweza kumwona katika tone lilelile la damu. Makala iliyohesabu wagonjwa kwa darubini haiwekwi kwenye mizani moja na iliyotegemea kipimo cha haraka. Mwanafunzi asipoitaja tofauti hiyo, msomaji atadhani wagonjwa wamepungua, ilhali kilichopungua ni kazi ya darubini. Na mjamzito mwenye homa hiyo, ambaye mimba yake imo hatarini, ataruhusiwa kwenda nyumbani kwa kuwa hana malaria.