EKSELI ZETU SI VYUMA CHAKAVU

Ndugu wanachama, na wanakijiji wote wa Nemba,

Katika kikao cha kamati kilichopita lilitolewa wazo kwamba ekseli tatu zilizolala nyuma ya ghala ziuzwe kwa wale jamaa wa vyuma chakavu wanaopita na mizani yao, na fedha zitiwe katika mfuko wa chama. Mimi napinga wazo hilo. Naandika hapa ukutani ili kila mtu asome kabla ya mkutano mkuu, tusije tukanyoosha mikono tu halafu tukajuta.

Sababu iliyotolewa ni kwamba beringi zimegoma kutoka. Ni kweli zimegoma. Lakini beringi kugoma siyo ekseli kufa. Ekseli hizi ni za pikapu, zimetengenezwa kubeba mzigo na watu kwa mwendo wa kasi. Kwenye mkokoteni wa ng'ombe, unaokwenda mwendo wa mguu, zitatumika miaka mingi sana. Tukiziuza tutauza kwa kilo, na siku tukitaka nyingine tutanunua gereji kwa bei ya kifaa. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza.

Sasa tuseme ukweli jinsi tulivyoiharibu ile ya kwanza, maana wengi tulikuwepo. Gurudumu lilianza kulia wakati wa kusomba mahindi. Tukasema grisi itatosha. Haikutosha, gololi zikasagika. Vijana wakachukua nyundo kubwa wakapiga beringi kwa zamu kama wanaotwanga, ringi ya nje ikaruka, ya ndani ikabaki imeng'ang'ania shafti. Kipande kikamkata kijana mmoja juu ya nyusi, kidogo tu jicho liende. Kisha ikaletwa tindo, ikachimba shafti. Mwisho ikaletwa gesi, chuma kikapashwa mpaka kikawa chekundu. Ringi ikatoka, watu wakashangilia. Lakini shafti iliyopashwa hivyo hulainika, na ile ilikuwa imekwisha chimbwa. Beringi mpya ikacheza mahali pake, gurudumu likachomoka njiani, na mahindi ya wanachama yakanyeshewa. Nani alilipa? Hakuna.

Beringi haigomi kwa ukaidi. Tundu la ringi ya ndani huchongwa dogo kuliko shafti, kwa kiasi ambacho jicho halioni, ili ibane. Juu ya hapo sisi tumevusha mikokoteni kwenye maji na matope na sili zimechakaa, kwa hiyo kutu imeongeza gundi yake. Na katika ekseli za namna hii ipo pete ya chuma iliyoshindiliwa nyuma ya beringi kuizuia isitoke. Ukipiga ringi ya nje, nguvu yote inapitia kwenye gololi, ya ndani haina habari. Utapiga mpaka jioni.

Kinachotakiwa ni kwanza kuiondoa ile pete. Itobolewe kwa drili au ikatwe kwa grainda karibu na kumaliza unene wake, lakini isifikie shafti kabisa. Hapo tindo ikipigwa mara moja au mbili pete inapasuka yenyewe. Kisha mafuta ya kulainisha kutu yatiwe na yaachwe usiku kucha. Asubuhi beringi isukumwe kwa presi, vyuma viwili vikiwa vimeshika ringi ya ndani. Funikeni kwa gunia wakati wa kusukuma, maana chuma kigumu kikipasuka hurusha vipande, na asimame mtu pembeni, siyo mbele.

Zile habu ambazo shafti yake imechongokewa mwishoni zina jambo lake. Nati ilegezwe lakini isitolewe yote, iachwe imeshika nyuzi chache. Pula ikazwe, bolti yake igongwe kichwani, na kama haijaachia iachwe imekazwa hivyo hivyo hadi kesho. Ikiachia huruka kwa kishindo, na ile nati ndiyo itakayoizuia isikuvunje mguu.

Presi tunaweza kuitengeneza wenyewe. Ni fremu ya chuma cha cheneli kizito, iliyochomelewa vizuri, na jeki ya lori ya tani 20. Jeki za namna hiyo tuulize Nyakanazi, wanapopita wenye malori ya Rusumo na Kabanga. Kwa ushauri wa fremu tuandike barua SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi. Fremu dhaifu ni hatari kuliko nyundo, hilo nalisema mapema. Presi hiyo hiyo itarudisha beringi mpya, bomba likiwa linagusa ringi ya ndani peke yake. Na majirani wenye mikokoteni watatulipa.

Wapo wanaosema siku hizi kuna toyo, mkokoteni wa nini. Haya, toyo inywe petroli, na ikifika kwenye tope la masika waishuke waisukume. Ng'ombe wetu wanakula majani.

Naomba basi mkutano mkuu uamue mambo mawili: ekseli zisiuzwe, na fedha zilizotengwa kwa rangi ya ofisi zinunue jeki kwanza. Ofisi ikikaa bila rangi mwaka mmoja mahindi hayataoza. Na yule kijana aliyekatwa usoni apewe miwani ya kazi, yeye awe wa kwanza kufundishwa presi, kwa kuwa hakuikimbia kazi hata siku ile.

Ekseli ya tatu imefunikwa na majani karibu na mwembe. Watoto wasiichezee, na asiichukue mtu kabla ya mkutano.

Ni mimi mwanachama mwenzenu.