Siri ya Mwimbaji na Midomo Yetu

Lipo fundisho ambalo sisi waumini wa Mpepai tumelisikia, na wengine wetu tumewarudia vijana: Freddie Mercury aliimba rock, akaishi kwa anasa, akafa kwa UKIMWI, basi, huo ndio mshahara wa dhambi. Tunasema fundisho hilo lina kasoro, na kasoro yake inaua.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Alisoma India, akarudi Unguja, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Uingereza. Mwaka 1970 yeye na wenzake walianzisha bendi ya Queen. Tarehe 13 Julai 1985, uwanjani Wembley, London, katika tamasha la kuwachangia wenye njaa wa Ethiopia, watu zaidi ya 70,000 walipiga makofi kwa pamoja wakimfuata yeye.

Mwenye sauti ya kujaza uwanja alishindwa kutamka neno moja. Magazeti yalipouliza kuhusu afya yake, yeye na watu wake walikana. Tarehe 23 Novemba 1991 ndipo taarifa yake ilipotangaza kwamba ana UKIMWI. Kesho yake akafa, akiwa na miaka 45.

Taarifa hiyo ilisema alinyamaza ili kuwalinda walio karibu naye. Kuwalinda na nini? Si na virusi. Ni na midomo ya watu.

Midomo hiyo twaijua, maana ni yetu. Mtu akikonda tunasema amekanyaga waya. Msibani tunanong'ona kabla jeneza halijafungwa. Ndiyo maana ndugu yetu anaipita zahanati ya jirani, anatoa nauli aliyoipata kwa kahawa yake, aende kuchukua dawa mbali, mahali asipojulikana. Mvua ikikata barabara, dawa zinakatika. Mwaka 1991 hapakuwa na dawa za kumwokoa yule mwimbaji. Leo zipo, na zinatolewa bure. Anayekufa leo kwa kuogopa kuonekana kliniki, ameuawa na nini kama si aibu tuliyomvika?

Wapo watakaosema: tusipokemea, tutakuwa tumehalalisha uzinzi. Hapana. Dhambi ikemewe, ya kila mmoja wetu. Lakini ugonjwa si hukumu ya mahakama. Mke mwaminifu aliyeambukizwa na mumewe alitenda dhambi gani? Na mtoto aliyezaliwa nao? Na kama mshahara wa dhambi ni mauti, nani kati yetu hadai mshahara huo?

Bwana wetu alipojiwa na mwenye ukoma, hakumwuliza aliupata wapi. Alinyoosha mkono akamgusa, ndipo akatakasika. Mkono ulitangulia.

Basi, katika jumuiya zetu ndogo ndogo tuanze hivi: neno la kukanyaga waya lisitoke tena kinywani mwetu, siku ya kliniki, mwenye pikipiki amchukue jirani bila kuuliza, na vijana wakimtaja Freddie Mercury, tusiwaambie tu alivyokufa. Tuwaambie alivyoogopa kusema, kisha tujiulize kama kwetu angethubutu.