Kuanguka Hakumfundishi Mtu Kuvumilia

Kuanzia Likoni hadi Lungalunga, hapa Pwani ya Kenya, kuna imani ambayo hakuna anayeihoji: kwamba mtu akianguka mara nyingi ndipo anapojifunza kuvumilia. Mwalimu mkuu huisema siku ya kutoa zawadi, mgeni rasmi huirudia kwenye harambee, na wapo wanaolipwa kuja kuihubiri katika kumbi za hoteli za Diani. Imani hiyo imezaa kauli nyingine inayotuuma zaidi, kwamba Mpwani ni mvivu, akikwama kidogo tu anarudi zake barazani. Kama kuanguka ndiko kunakomkomaza mtu, basi aliyeanguka mara tano akaacha kujaribu lazima awe na kasoro yake mwenyewe. Ndivyo wanavyotuhukumu, nasi tumeanza kujihukumu hivyo hivyo. Nasema ni uongo, tena uongo unaoumiza watu.

Tazameni Ramisi. Kiwanda cha sukari kilianzishwa pale mwaka 1927, na mwaka 1988 kikafungwa. Msambweni nzima iliyumba. Ikapita miaka mingi, kikaja kiwanda kingine, wakulima wakaombwa warudi kwenye miwa. Wakarudi. Haikupita misimu mingi wakawa wanalalamika hadharani kwamba miwa inazeekea shambani na malipo yanachelewa. Kwenye korosho ni hadithi ile ile: kiwanda cha Kilifi kilikufa miaka ya 1990, mwenye mikorosho akabaki mikononi mwa madalali. Sasa mtu amelima, amepalilia, amemwagilia jasho lake miaka nenda miaka rudi, na pesa ikija au isipokuja haihusiani na jasho hilo. Amefunzwa nini? Amefunzwa kwamba bidii yake haina sauti. Na kwa yaliyompata, amejifunza sawasawa. Yule mzee wa Ramisi anayepanda muhogo wa kula na kukataa katakata kusikia habari ya miwa si mvivu. Ana kumbukumbu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Martin Seligman na Steven Maier, waliwapiga mbwa shoti za umeme. Mbwa wa kundi la kwanza walikuwa na kibao wanachoweza kukisukuma kwa kichwa shoti ikome. Wa kundi la pili walipigwa kiasi kile kile, kwa muda ule ule, lakini chao hakikuzima chochote. Kisha wote wakawekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi tu kungewaokoa. Wa kwanza waliruka. Wengi wa kundi la pili walilala chini wakayapokea maumivu. Maumivu yalikuwa sawa. Kilichotofautiana ni kama walichofanya kilibadilisha kitu. Mwaka 2016 watafiti hao hao walirekebisha maelezo yao wakasema jambo zito zaidi: kukata tamaa hakufundishwi, ndiyo hali ya kawaida ya kiumbe anayeumia kwa muda mrefu. Kinachofundishwa ni kujua kwamba mkono wako una nguvu juu ya linalokusibu.

Wapo watakaonijibu kwa methali, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kweli kabisa, kwa mhunzi aliye na namna ya kupata koleo la pili. Muuza vinyago wa Diani, anayetegemea watalii, aliporomoka mwaka 1997 baada ya machafuko ya Likoni, akaporomoka tena baada ya shambulio la bomu katika hoteli ya Kikambala mwaka 2002, na mwaka 2020 korona ikazifunga hoteli. Katika yote hayo hapana hata moja alilokosea yeye. Kumwambia ajifunze kutokana nayo ni kumdhihaki.

Mfano wa watu waliovumilia kweli tunao hapa hapa, Gazi. Mikoko ya ghuba ile ilikatwa sana miaka ya 1970, ikachomwa kama kuni viwandani. Kuanzia miaka ya 1990 wanakijiji wakaanza kuirudisha wakisaidiana na watafiti wa taasisi ya bahari, KMFRI. Ukisimama pale maji yakipwa utaona kwamba msitu ule una mpangilio wa aina za miti: mlilana uko mbele kabisa unapokea mawimbi, mkoko uko nyuma yake, mkandaa na mchu inaelekea nchi kavu. Mche ukikosewa mahali pake hufa, na mtu anayeujua mpangilio huo anajua kwa nini umekufa. Tangu mwaka 2013 hekta 117 ziko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hewa ya kaboni, na pesa imeleta maji na vifaa vya shule Gazi na Makongeni. Nchini Ufilipino walipanda mikoko kwa miongo mingi wakiikita mbele baharini kunakostahili mlilana. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 na Jurgenne Primavera na mwenzake ulionyesha kwamba iliyopona kule ilikuwa asilimia 10 hadi 20 tu. Moyo wa kupanda tena na tena walikuwa nao. Hawakuambiwa ukweli wa ile miche iliyokufa.

Ndiyo maana nawaonea uchungu vijana wetu wanaorudia kidato cha nne. Binti wa Msambweni anataka diploma ya uuguzi, chuo cha KMTC kipo karibu na kwao, kando ya hospitali. Anahitaji C, amepata C kutoa. Mtihani wa taifa, KCSE, humpa gredi. Karatasi yake haioni tena. Hajui kama alianguka kwa sababu ya maswali ya maabara ambayo shule yake haina, au kwa muda uliomwishia, au kwa kutumwa nyumbani kila muhula kufuata karo. Anaambiwa tu, jikaze, rudia. Anarudia akiwa gizani, anapata ile ile, na mwaka wa tatu tunamwita hana subira.

Na wale wanaosimama jukwaani kutusimulia walivyoanguka mara saba wakainuka ya nane, waulizeni nani alikuwa akilipa kodi ya nyumba wakati huo wa kuanguka. Mara nyingi palikuwa na mjomba.

Matokeo ya KCSE siku hizi hutoka Januari. Nawaomba walimu wakuu wa Matuga, Msambweni, Lungalunga na Kinango: kabla hamjapokea hata shilingi ya kijana anayetaka kurudia, kaeni naye chini, somo kwa somo, mumwonyeshe alipoangukia. Kama kosa lilikuwa la shule, mwambieni hivyo mbele ya mzazi wake.