MASHAURI YA GARI: Taa ya Oili Isemayo Uongo Itengenezwe, Isinyamazishwe

Mkulima mmoja wa Kinangop alikuwa na pikapu ya dizeli, Toyota Hilux ya miaka ya 1980, ambayo kila asubuhi ilichukua mitungi ya maziwa mpaka Naivasha. Siku moja taa nyekundu ya oili, ile yenye picha ya kopo la mdomo mrefu, ilianza kuwaka na kuzimika kila gari lilipopita kwenye mashimo. Mkulima alisimama mara moja, akapima oili kwa kijiti chake, akaiona imefika pale ipasapo. Fundi wa karibu aliisikiliza injini kwa makini, akasema kwamba haina neno, bali taa ndiyo inayosema uongo. Basi akaukata waya wa taa, akaufunga kwa utepe, na safari zikaendelea kwa raha.

Majuma machache baadaye, gari likipanda mlima kurudi nyumbani, mpira mdogo wa oili ulio karibu na alteneta ulipasuka. Oili ikamwagika barabarani kwa muda wa dakika chache tu, na dashibodi ikakaa kimya kama kwamba hapana jambo. Injini ikagonga, kisha ikakwama. Ng'ombe mmoja wa maziwa aliuzwa ili injini nyingine inunuliwe.

Neno la kuangaliwa katika habari hii ni kwamba fundi yule hakukosea aliposema kuwa taa ilisema uongo. Siku ile ilisema uongo kweli, kwa maana waya wake ulikuwa umechubuka na kugusa chuma. Kosa lake lilikuwa katika dawa aliyotoa. Mlinzi akipiga kelele bure usiku mmoja, mwenye nyumba humwuliza sababu, hamfungi kinywa. Yafaa kila mwenye gari la dizeli lililozeeka aelewe kazi ya taa hii, na namna ya kuijaribu.

KAZI YA TAA

Watu wengi hudhani kwamba taa hii huonyesha wingi wa oili. Sivyo. Katika magari mengi ya zamani huonyesha presha ya oili, yaani nguvu ambayo pampu inaisukuma nayo kwenda kwenye beringi za krankshafti. Wingi hupimwa kwa kijiti. Taa ikingojewa iwake ndipo oili iongezwe, mwenye gari amechelewa sana, kwa sababu mara nyingi huwaka wakati pampu imekwisha kuvuta hewa.

Namna ifanyavyo kazi ni nyepesi. Kwenye ubavu wa injini kuna swichi ndogo iliyofungwa kama bolti, na waya mmoja umeshikizwa kichwani pake. Presha isipokuwapo, swichi huunganisha waya ule na chuma cha injini, na taa huwaka. Presha ikipanda kidogo tu, kiasi cha pauni 4 au 5 hivi kwa inchi moja ya mraba, swichi huachana na chuma na taa huzimika. Kwa hiyo kuzimika kwa taa si hati ya kwamba injini ni nzima. Maana yake ni kwamba presha haijafika chini kabisa.

Kwa sababu hiyo, kila asubuhi dereva afungue ufunguo kabla ya kuwasha injini, na kutazama. Taa sharti iwake. Isipowaka, huenda globu imeungua au waya umekatika, na gari hilo halina mlinzi. Ile pikapu ya Kinangop ilitoa dalili hiyo kila asubuhi, wala hapana aliyeiangalia.

KUIJARIBU TAA

Taa ikiwaka njiani, dereva asimamishe gari mahali pa salama na kuzima injini pale pale. Asijaribu kufika kituo kinachofuata, kwa kuwa beringi zisizo na oili huweza kuharibika katika muda mfupi sana. Akishangoja dakika chache ili oili ishuke, apime kwa kijiti gari likiwa mahali tambarare. Oili ikiwa imepungua, sababu imejulikana nusu. Ikiwa imezidi bila kuongezwa na mtu, na inanuka dizeli, basi dizeli imeingia ndani yake. Na ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Gari la namna hiyo lisiendeshwe, bali livutwe mpaka kwa fundi.

Ikiwa oili ni sawa na injini haigongi, ndipo ifaapo kuijaribu taa yenyewe. Injini ikiwa imezimwa na ufunguo umefunguliwa, waya utolewe kwenye swichi na kushikwa mbali na chuma. Taa ikiendelea kuwaka, waya umechubuka mahali fulani, na sharti ufuatwe mpaka kidonda chake kionekane. Mara nyingi ni pale unapopita kwenye kona ya chuma au karibu na bomba la moshi. Taa ikizimika, waya ni mzima, na shaka imebaki kwa swichi au kwa injini.

Hapo ndipo wengi hununua swichi mpya na kutumaini mema. Njia iliyo bora ni kupima. Swichi hufunguliwa, na mahali pake hufungwa geji ya presha yenye mpira wake, ambayo mafundi wengi wanayo. Injini ipashwe moto kwanza, kwa maana oili baridi ni nzito na huficha ubovu. Kwa injini za Toyota za 2L na 3L, zilizotumika sana katika Hilux, geji ionyeshe walau pauni 4 hivi injini ikinguruma polepole, na baina ya pauni 36 na 85 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Geji ikisema vema huku taa inawaka, swichi ni mbovu, nayo ni kitu cha bei ndogo. Geji ikisema vibaya, taa ilikuwa rafiki wa kweli.

Hata kabla ya kupata geji, tabia ya taa hutoa fununu. Ikimulika kwenye mashimo tu, bila kujali mwendo wa injini, yaelekea ni waya. Ikiwaka gari likikata kona au likipanda mlima, yaelekea oili ni kidogo na pampu inavuta hewa. Ikiwaka wakati injini ni moto na inanguruma polepole, kisha ikazimika mafuta yakikanyagwa, huenda beringi au pampu zimechakaa, au oili iliyotiwa ni nyepesi mno. Hata hivyo fununu si hukumu; hukumu hutolewa na geji.

Jambo moja likumbukwe. Magari mengine, kama Volkswagen kadhaa za dizeli za miaka ya 1980 na 1990, yana swichi mbili, moja ya presha ndogo na nyingine ya presha kubwa, pamoja na kengele. Kwa magari hayo jaribio la waya mmoja halitoshi, na kitabu cha gari kifuatwe.

OILI INAYOVUJA

Taa ya kweli huwashwa mara nyingi na uvujaji ambao ulidharauliwa tangu mwanzo. Tone moja chini ya gari halitishi mtu. Lakini ikiwa haba na haba hujaza kibaba, haba na haba vile vile hukimaliza.

Kosa la kwanza la wengi ni kuitazama injini chafu na kukisia. Oili hushuka, na upepo wa feni huisukuma nyuma, hata ikaonekana mahali ambapo haikutoka. Injini ikiwa baridi, isafishwe kwa brashi na sabuni, alteneta ikiwa imefunikwa kwa nailoni. Ikishakauka, ipakwe vumbi la chaki, gari liendeshwe mwendo mfupi, kisha litazamwe kwa tochi. Mahali palipo juu kuliko pote penye unyevu ndipo penye chanzo. Fundi akisema kwamba sili ya nyuma ya krankshafti imekufa, na kwamba sharti gia boksi ishushwe, aombwe kwanza kutazama nyuma ya kifuniko cha tapeti. Mara nyingi oili hutoka kwenye gasketi ya huko juu, ikashuka mpaka kwenye klachi, na mwenye gari akalipia kazi kubwa isiyohitajika.

Mahali pengine pa kuangaliwa ni filta ya oili, washa ya bolti ya kumwagia, na swichi yenyewe ya oili, ambayo huweza kuvuja katikati yake. Sili za mbele zisidharauliwe, kwa kuwa oili ikilowesha mkanda wa taimingi huuharibu, na mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni. Katika dizeli nyingi za Toyota, ipo pia pampu ya kuvuta hewa kwa ajili ya breki, iliyofungwa nyuma ya alteneta, nayo hupata oili kwa mpira mdogo. Mpira huo ndio uliomwangusha mkulima wa Kinangop. Ukionekana umekauka na kupasuka-pasuka, ubadilishwe bila kungoja, tena kwa mpira ustahimilio oili ya moto.

Tena, kabla ya kubadili sili yoyote, bomba la kupumulia la injini litazamwe. Injini ya zamani hupitisha moshi kidogo kando ya pistoni. Bomba likiziba kwa uchafu, moshi huo hukosa njia na kuisukuma oili kwenye kila mwanya. Mtu aweza kubadili sili tatu bila faida, na dawa ilikuwa kusafisha bomba moja. Oili iliyozidi alama ya juu ya kijiti nayo huweza kuleta uvujaji.

Katika kufunga, nguvu nyingi si ufundi. Gasketi ya kifuniko cha tapeti ikibanwa mno hupasuka. Gundi ya gasketi ikipakwa nyingi, vipande vyake huanguka ndani na kuziba chujio la pampu, na hapo presha hupotea kwa kweli. Swichi nayo isizungushiwe utepe mwingi wa mabomba, kwa maana hupata chuma kwa njia ya meno yake. Ikizuiwa, huenda taa isiwake kamwe. Na oili chakavu isimwagwe shimoni wala mtoni, kwa kuwa ng'ombe na watu hunywa maji yayo hayo.

Gari kuukuu la dizeli laweza kumtumikia mwenyewe miaka mingi, kwa sharti la mambo machache: kijiti kila juma, jicho kwenye taa kila asubuhi, na kitambaa safi chini ya injini kila mwezi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Waya wa pikapu ile ya Kinangop ungalifungwa utepe pale ulipochubuka, badala ya kukatwa, taa ingaliwaka siku mpira ulipopasuka, na mkulima angalikuwa na muda wa kuzima injini. Kazi hiyo isingalichukua muda mrefu kuliko ile ya kuukata.