Kangomba ya Mataifa

Kila mkulima wa Masasi na Newala aijua kangomba. Wakati wa njaa mlanguzi hubisha hodi, hupima korosho kwa bakuli, na bei huitaja yeye. Ndiyo maana mwaka 2007 ulianza mpango wa stakabadhi ghalani; leo korosho za Newala hupitia TANECU, za Masasi MAMCU, kisha huuzwa mnadani. Malipo kuchelewa na makato kuwa mengi ni malalamiko ya haki. Lakini somo limebaki: auzaye peke yake hana bei.

Twauliza basi, mbona somo hili twalisahau tukifika pwani? Korosho zetu nyingi husafirishwa na maganda yake hadi India na Vietnam, na kazi ya kubangua huenda nazo. Viwanda vilivyojengwa kwetu miaka ya 1970 kwa mikopo ya Benki ya Dunia vilikaa kimya miaka mingi. Wenzetu wa Msumbiji nao walifungiwa vyao katika miaka ya 1990, ushuru wa korosho ghafi ulipopunguzwa kwa shinikizo la Benki hiyo hiyo. Mwaka 1999 sheria yao iliurudisha hadi kati ya asilimia 18 na 22. Nasi tunao wetu. Kila nchi hujipangia, na kati yetu upo Mto Ruvuma tu. Upande mmoja ukizidisha, magunia yaijua njia ya mtumbwi.

Novemba 2018 wanunuzi walipotoa bei ndogo, serikali iliagiza jeshi likusanye korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Nia ilikuwa njema, lakini tulisimama peke yetu, na wakulima wengi walingoja fedha kwa miezi.

Wapo watakaosema kwamba Ivory Coast huvuna kuliko sisi sote, hivyo Asia haitatujali. Sivyo. Mavuno ya Afrika Magharibi huanza mwanzoni mwa mwaka. Yetu na ya Msumbiji huingia sokoni kuanzia Oktoba, maghala ya wabanguaji yakihitaji mzigo mpya. Hiyo ni nguvu, ikitumiwa kwa pamoja.

Nchi zetu mbili ni wanachama wa SADC. Hapana budi ziwe na kiwango kimoja cha ushuru na ujumbe mmoja kwa Delhi na Hanoi: tutauza, lakini sehemu ya kubangua ibaki kwetu. Mwanachama alisemee hili katika mkutano wa ushirika wake. Kidole kimoja hakivunji chawa.