Steringi ni Nani?

Wako watu wasemao kwamba sinema isiyo na steringi mmoja si sinema. Kwao lazima awepo mtu ambaye macho yetu humfuata tangu mwanzo, ambaye risasi zote humkosa, na ambaye muziki humtangulia kama tarumbeta mbele ya mfalme. Wengine wote ni vivuli tu. Pengine wewe msomaji ni mmoja wa wasemao hivyo; nami nilisema hivyo hadi nilipofika chuo cha ualimu. Leo nataka tubishane kidogo.

Tuchukue filamu iitwayo Nashville, iliyotengenezwa na Mmarekani Robert Altman na kutolewa mwaka 1975. Iligharimu dola milioni 2 na kidogo, fedha chache kwa desturi ya Hollywood. Jaws, ile filamu ya papa ya mwaka huohuo, ilikula mara kadhaa ya hizo. Wala hakuweka steringi. Aliweka watu 24, akawafuata kwa siku tano katika mji wa Nashville, jimbo la Tennessee, ulio kitovu cha muziki wa kantri. Hukutana uwanja wa ndege, hukwama pamoja barabarani magari yanapogongana, hupishana vilabuni, kila mmoja na haja yake.

"Ni vurugu tupu," alisema mwanachuo mwenzangu tulipoitazama, akaondoka kabla ya nusu. Hakuwa na haki. Altman aliwavisha waigizaji maikrofoni ndogo, akanasa kila sauti peke yake, akawaacha wazungumze kwa pamoja kama watu wazungumzavyo sokoni. Mwenye kuzoea kutafuniwa huchoka upesi.

Lakini ninachokitetea zaidi ni nyimbo. Katika sinema nyingi muziki humwagwa juu ya hadithi kama mchuzi juu ya ugali: hapa lia, hapa ogopa. Katika Nashville nyimbo hutoka vinywani mwa watu wa hadithi, tena waigizaji kadhaa walizitunga wenyewe. Baadhi ya wanamuziki wa mji ule walikasirika, wakidai kwamba hiyo si kantri halisi. Nakubali kwamba baadhi ya nyimbo ni hafifu. Basi je? Aimbaye vibaya naye ana makao mjini. Yumo Sueleen, mhudumu wa mkahawa asiyejua kuimba, wala hajui kwamba hajui. Wanaume humhadaa kwa ahadi ya jukwaa, wakamvunjia heshima mbele ya ukumbi mzima. Angepewa sauti nzuri, tungempigia makofi na kumsahau.

Naye Keith Carradine aliutunga mwenyewe wimbo wa mapenzi uliompatia tuzo ya Oscar. Anapouimba klabuni, wanawake wanne wameketi humo, na kila mmoja ana sababu ya kudhani kwamba anaimbiwa yeye. Wimbo mmoja, hadithi nne, na hakuna aliyetueleza neno. Steringi wako angeyaweza hayo?

Karibu na mwisho, Barbara Jean, mwimbaji apendwaye kuliko wote, anapigwa risasi jukwaani. Kwa sheria yako, sinema imekwisha. Lakini maikrofoni inatiwa mikononi mwa mwanamke mwenye soksi zilizochanika, mke aliyemtoroka mumewe, ambaye kwa zaidi ya saa mbili tumemwona pembeni akitafuta nafasi ya kuimba, nasi hatukumjali. Anaanza kwa kusitasita, kwaya inampokea, umati unaitikia. Mimi nilikuwa nimekwisha kumsahau. Ilinibidi nimwulize jirani yangu, "Huyu ni nani?"

Asubuhi yake nilirudi kwenye mazoezi ya kufundisha. Darasani mwangu mlikuwa na wanafunzi 47, nami kwa majuma matatu nilikuwa nimeyashika majina ya tisa tu, wale wanyoshao mikono. Nikafunga kitabu, nikaanza kuwauliza wengine, kuanzia safu ya nyuma.