Kabla ya Washington, kulikuwa na mkutano wa mtaa



Najua ushaziona zile video. Kila baada ya muda moja inazunguka kwenye simu zetu: mwanamke aliyejifunga kilemba, amesimama ndani ya Bunge la Marekani, anajibu hoja bila kutetemeka. Tunaandika mashallah, tunaituma kwenye magrupu, halafu tunarudi kwenye mambo yetu.

Leo tuongee kuhusu sehemu ya maisha ya Ilhan Omar ambayo haiko kwenye video. Manake video inakuonyesha matunda, haikuonyeshi shamba lililimwa vipi. Na shamba lenyewe, ukiliangalia vizuri, halina tofauti kubwa na wadi yako.

Ilhan alizaliwa Mogadishu mwaka 1982. Mamake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na babake na babu yake. Vita vilipozuka 1991 familia ilikimbia, ikavuka mpaka na kuingia kwetu Kenya. Alikaa kambini miaka minne. Soma tena: miaka minne, hapa hapa nchini mwetu, mtoto wa kambi ya wakimbizi kama wale tunaowazungumzia kana kwamba ni mzigo tu. Mwaka 1995 familia ikapelekwa Marekani, na baada ya muda ikahamia Minneapolis, kwenye jimbo la Minnesota. Mwaka 2000, akiwa na miaka 17, akapata uraia.

Sasa hapa ndipo hadithi yenyewe inapoanza. Babu yake alikuwa na hamu ya siasa ya nchi mpya lakini Kiingereza hakikuwa chake. Kwa hivyo Ilhan, msichana wa miaka 14, akawa anaandamana naye kwenye mikutano ya chama ya mtaani, akimtafsiria. Mikutano hiyo ni ya kuchosha. Viti vya plastiki, ajenda ndefu, wazee wanabishana kuhusu utaratibu. Hakuna kamera. Lakini msichana huyo alikuwa anajifunza mambo ambayo shuleni hayafundishwi: nani anaamua mgombea, kura zinahesabiwa vipi, na sauti ya mtaa inapitia mlango gani.

Baadaye akafanya kazi ya elimu ya lishe kwa jamii. Akasimamia kampeni za watu wengine. Kampeni ya diwani mmoja wa jiji ilipofaulu mwaka 2013, akaajiriwa kama msaidizi wake wa sera. Hebu fikiria: miaka yote hiyo anabeba jina la mtu mwingine kwenye mabango. Na haikuwa salama. Februari 2014, kwenye mkutano wa chama mtaani kwake, fujo ilizuka akapigwa mpaka akaumia kichwa. Wengi wetu tungesema basi, siasa tuwaachie wenyewe. Yeye miaka miwili baadaye akajitokeza kugombea mwenyewe kiti cha Bunge la jimbo la Minnesota.

Aliyekikalia kiti hicho hakuwa mtu mdogo. Phyllis Kahn alikuwa bungeni tangu 1973, kabla Ilhan hajazaliwa. Na kulikuwa na Msomali mwingine kwenye kinyang'anyiro, Mohamud Noor, kwa hivyo kila mtu alisema kura za jamii zitagawanyika na mkongwe atapita katikati. Hesabu hiyo tunaijua sana Pwani na Kaskazini Mashariki, sivyo? Agosti 2016 uteuzi wa chama ukafanyika, na Ilhan akashinda kwa takriban asilimia 41.

Unajua asilimia hiyo ni kura ngapi? Kama 2,400 hivi.

Kura elfu mbili na mia nne. Msikiti mmoja mkubwa siku ya Ijumaa, pamoja na uwanja wa mbele, unaweza kujaza watu kama hao. Lakini hawakushuka kutoka mbinguni. Walijiandikisha, wakatembelewa nyumba kwa nyumba, wakapigiwa simu, wanafunzi wakahamasishwa vyuoni, akina mama wakapelekwa kituoni. Novemba 8, 2016, akachaguliwa rasmi, Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Somalia kuingia katika bunge lolote la jimbo nchini humo. Usiku huohuo Donald Trump alichaguliwa kuwa rais, mtu ambaye siku mbili kabla alikuwa amesimama Minneapolis kuwasema vibaya wakimbizi wa Kisomali.

Bungeni alikaa muhula mmoja tu wa miaka miwili, na chama chake kilikuwa cha wachache. Kwa hivyo usifikiri aliingia na kugeuza kila kitu. Mswada wa upande usio na wingi mara nyingi unakufa kwenye kamati. Lakini alijifunza kazi, akawa miongoni mwa manaibu wa kiongozi wa upande wake. Mwaka 2018 kiti cha Bunge la taifa kikabaki wazi, na yeye alikuwa tayari.

Kiti hicho kilikuwa cha nani? Cha Keith Ellison, Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa kwenye Bunge la Marekani, mwaka 2006. Na Ellison alitoka wapi? Bunge la jimbo la Minnesota. Rashida Tlaib, aliyeingia pamoja na Ilhan? Bunge la jimbo la Michigan. André Carson wa Indianapolis? Baraza la jiji na kaunti yake. Waislamu wanne, na kila mmoja alianzia ngazi ya chini, ile ambayo sisi tunaiona ni ya watu wasiokuwa na kazi.

Sasa tuje nyumbani.

Kenya tuna wadi 1,450. Mwaka 2022 wapiga kura waliosajiliwa walikuwa takriban milioni 22.1. Gawa mwenyewe kwenye simu yako: ni kama watu elfu 15 kwa kila wadi, na si wote wanaojitokeza. MCA wako ndiye anayepitisha bajeti ya zahanati ya mtaa, chekechea, barabara za ndani, soko, taka. Lakini ukiuliza vijana kumi maskani jina la MCA wao, utasikia kicheko. Ukiwauliza kuhusu siasa za Washington au Gaza, kila mmoja ana hotuba. Sisemi tusijali ya Gaza, la hasha. Nasema mtu anayejua dhulma ya mbali na hajui kikao cha bajeti cha kaunti yake, hajamaliza kazi.

Nataka nikupe mfano unaouma. Januari 2019 Ilhan alipoapishwa, Bunge la Marekani lilibadilisha kanuni iliyodumu tangu 1837 ya kukataza kuvaa kitu kichwani ndani ya ukumbi. Akaingia na kilemba chake. Mwezi huohuo, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitengua uamuzi wa Mahakama ya Rufaa uliokuwa umewapa wasichana wetu haki ya kuvaa hijabu shuleni, katika ile kesi iliyoanzia Isiolo. Sababu kubwa ilikuwa ya utaratibu: namna ombi lilivyowasilishwa. Kule kanuni ilibadilika kwa sababu mwenye kilemba alikuwa ndani ya chumba kinachoandika kanuni. Huku tulikuwa nje, tunasubiri kuamuliwa.

Kuna watakaoniambia: siasa ni uchafu, dini yetu imetuelekeza kujiepusha. Ndugu yangu, uchafu hauondoki kwa mwenye ufagio kukaa nje. Mwingine atasema Ilhan ana misimamo ambayo sisi hatukubaliani nayo. Kweli, ipo. Na ana makosa yake pia, tusimfanye malaika. Mwaka 2019 bodi ya fedha za kampeni ya Minnesota ilimtaka arudishe kama dola 3,500 zilizotumika kinyume na sheria enzi zake za bunge la jimbo, pamoja na faini ya dola 500. Mwaka huohuo aliomba radhi kwa maneno aliyoandika kuhusu watetezi wa Israeli, yaliyowakwaza Wayahudi wengi. Hayo pia ni somo. Kiongozi wetu akikosea tumhesabie kama mwingine yeyote, tusimkinge kwa sababu ni "wetu." Kinga hiyo ndiyo imetuletea viongozi tunaowaona Ramadhani tu, na pakiti za tende.

Wala usidanganyike kwamba ukifika juu mambo yanakuwa laini. Mwaka 2019 umati kwenye mkutano wa Trump uliimba arudishwe alikotoka. Februari 2023 wabunge wakamtoa kwenye kamati ya mambo ya nje kwa kura 218 dhidi ya 211. Lakini wapiga kura wake walimrudisha 2020, 2022, na 2024. Ngao yake ni daftari la wapiga kura la mtaani kwake.

Na kwetu mifano ipo. Sophia Abdi Noor alichaguliwa mbunge wa Ijara 2017. Fatuma Dullo akachaguliwa seneta wa Isiolo, na Fatuma Achani gavana wa Kwale, wote 2022. Hawakusubiri mtu awape ruhusa.

Basi nakuomba mambo matatu kabla ya Agosti 2027.

Kwanza, kitambulisho. Bila hicho husajiliwi. Februari 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba msasa wa ziada kwa vijana wa maeneo yale umeondolewa. Nenda ukaombe. Ukizungushwa, andika tarehe, ofisi, na ulichoambiwa, kisha uripoti. Kifungu cha 12 cha Katiba kinasema stakabadhi ni haki ya raia, si hisani.

Pili, jiandikishe kura, na umchukue mmoja pamoja nawe. Dadako, mamako, jirani.

Tatu, hudhuria kikao kimoja tu cha maoni ya umma cha kaunti yako. Kifungu cha 196 kinalilazimu bunge la kaunti kukushirikisha. Kitachosha. Utaketi kwenye kiti cha plastiki na ajenda itakuwa ndefu. Na kama kuna mzee mtaani kwenu asiyeelewa Kiingereza cha makabrasha yale, mkae naye, umtafsirie.

Msichana wa miaka 14 alianzia hapo hapo.

Wabillahi tawfiq.